Taka za nyumbani Kigoma: anza na zinazooza

Mji wetu umekaa mteremkoni na ziwa liko chini. Kifuko kilichoachwa mtaroni mitaa ya juu hakisubiri gari la taka. Mvua za Oktoba zikianza, kinashuka na maji kupitia makorongo hadi Kibirizi, Bangwe au Katonga, palepale dagaa wanapoanikwa na watoto wanapoogelea. Na Tanganyika si ziwa la kujisafisha upesi. Kina chake kinafika mita 1,470, na mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, ng'ambo ya Kongo. Kinachoingia humo kinakaa.

Manispaa ya Kigoma-Ujiji ilihesabiwa watu zaidi ya 230,000 katika sensa ya 2022, waliotawanyika katika kata 19. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kusimamia taka ngumu ni jukumu la halmashauri, na sheria hiyohiyo inataka taka zitenganishwe kwa aina: zinazooza, plastiki, vioo na metali. Wafadhili nao wamepita. Mradi wa LATAWAMA, uliogharamiwa na Umoja wa Ulaya chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika, uliiweka Kigoma miongoni mwa miji ya kushughulikia taka kwa ajili ya kuokoa ziwa. Kwenye karatasi mambo yamenyooka: kaya ikusanye, kikundi au wakala azoe, kontena lijae, gari libebe, dampo lipokee. Mtaani kontena hujaa kabla gari halijafika, mbwa wakachakura, na lawama zikaanza.

Mimi naona tunabishana kuanzia mwisho. Tunagombania gari, ilhali katika miji yetu hapa nchini zaidi ya nusu ya kinachojaza ndoo ya nyumbani ni vitu vinavyooza: maganda, makapi, ukoko, mabaki ya mboga, majani yaliyofagiliwa uwanjani. Hivyo ndivyo vinavyonuka na kuita inzi na panya. Hivyo pia ndivyo vinavyoongeza uzito wa mzigo, na uzito huo ndio unaokula mafuta ya gari la manispaa hadi dampo. Taka kavu hazina haraka. Chupa tupu ya maji inaweza kukaa kwenye kiroba mwezi mzima isimkere mtu. Ukishazitoa zinazooza, gari likichelewa siku nne unalisubiri bila kuziba pua. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia jikoni, na kwa mwenyekiti wa mtaa tutafika mwishoni.

Hatua ya 1: Tazama unachotupa

Kabla ya kununua chombo chochote, siku mbili tatu mwaga ndoo yako juu ya salfeti kuukuu na utazame. Usione kinyaa, ni uchafu wako mwenyewe. Nyumba yenye watoto wadogo itakuta pampasi nyingi. Nyumba ya mama anayepika maandazi au kuuza chakula itakuta maganda na majivu. Msimu wa maembe, kila nyumba itakuta kokwa. Ukijua kipi kinakujazia ndoo, utajua pa kuwekea nguvu. Familia isiyonunua maji ya chupa haina sababu ya kuhangaikia mnunuzi wa chupa.

Hatua ya 2: Vyombo vitatu, hata vikuukuu

Chombo cha kwanza ni ndoo yenye mfuniko, iwekwe karibu na mahali pa kupikia. Hii ni ya taka mbichi, yaani zinazooza, peke yake. Ndoo ya rangi iliyoisha au dumu la lita 20 lililokatwa juu linatosha, mradi lifunikwe na lioshwe kila linapomwagwa. Tandika majani makavu, maranda ya seremala au majivu kidogo chini yake, yatanyonya yale maji yanayonuka.

Cha pili ni kiroba cha vitu vikavu vinavyouzika au vinavyotumika tena. Kitundike ukutani au kwenye mti, mvua isikifikie.

Cha tatu ni salfeti ya zilizobaki, zisizooza wala kuuzika. Hiyo ndiyo ya gari.

Nyumba za kupanga zina tabu yake, maana wapangaji sita wanaochangia uwanja mmoja watatupiana mpira. Dawa ni kukaa chini na mwenye nyumba na kukubaliana mambo mawili tu: ndoo ya taka mbichi iwe ya kila jiko, na shimo la kuozeshea liwe moja la wote, lenye zamu ya kuligeuza. Msiweke ndoo moja kubwa ya pamoja mlangoni. Ndoo ya wote haina mwenyewe, na asubuhi utakuta chupa ndani ya maganda.

Na watoto wafundishwe mapema. Wao ndio wanaotumwa kutupa taka jioni, na mtaro uko karibu kuliko kizimba cha taka.

Hatua ya 3: Taka mbichi zisitoke nje ya uwanja

Anza na mifugo. Mabaki ya ugali na wali, majani ya mboga, vumbi la dagaa na vichwa vyake, kuku watavigombania. Mbuzi atakula maganda ya ndizi na ya viazi vitamu. Ila angalia mambo mawili. Maganda ya muhogo mchungu yana sumu ya asili, kwa hiyo yaanikwe juani siku mbili tatu mpaka yakauke ndipo mbuzi apewe, tena kwa kiasi. Na chochote kilichoota ukungu, mfugo asipewe. Sumukuvu, yaani sumu ya ukungu huo, haiondoki kwa kupikwa, na humrudia anayekula yai au kunywa maziwa.

Kinachobaki kiende kwenye mboji, yaani mbolea ya taka zilizooza. Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu wengi hujaribu mara moja, shimo likanuka, wakafukia wakasema mboji ni ya watu wa mradi.

Chagua mahali penye kivuli, mbali na kisima na mbali na njia ya maji ya mvua. Kwenye miteremko yetu shimo likikaa njiani mwa maji, masika yote utakuwa na bwawa. Kama uwanja wako hutuama maji, usichimbe. Rundika juu ya ardhi, ukizungushia matofali mabovu au fito. Upana wa mita moja kila upande na kimo cha mita moja ndicho kipimo kizuri. Lundo dogo sana halipati joto la kuozesha.

Chini kabisa tandaza vitu vigumu, yaani mabua ya mahindi, vijiti, mashina ya migomba yaliyokatwakatwa, ili hewa ipite. Kisha panga kwa tabaka. Kwa kila ndoo moja ya taka mbichi mwaga ndoo mbili za kavu: majani ya mwembe yaliyokauka, nyasi, maranda, makapi ya chikichi kwa wanaokamua mawese. Hapo ndipo wengi wanapokosea. Wanamwaga maganda juu ya maganda, hewa inakosekana, lundo linageuka tope la kunuka. Nyunyiza udongo viganja viwili vitatu juu ya kila tabaka, na majivu ya kuni kidogo sana. Mwisho funika kwa majani ya mgomba au salfeti kuukuu. Wakati wa masika kifuniko hiki ni lazima.

Kupima maji, kamata konzi moja na uiminye. Ikichuruzika maji, ongeza makavu. Ikimong'onyoka kama vumbi, nyunyiza maji. Ya kuoshea mboga yanafaa, ya sabuni hapana. Kupima joto, chomeka kijiti kirefu katikati, kiache kwa dakika chache, kichomoe ukishike. Kikitoka cha moto, kazi inaendelea. Kikitoka baridi na lundo bado halijaoza, geuza kwa jembe, cha nje kiingie ndani. Kugeuza mara moja kila wiki mbili au tatu kunatosha. Kwa joto letu, miezi mitatu au minne utapata kitu cheusi, chepesi, chenye harufu ya udongo wa msituni baada ya mvua. Hicho kiweke kwenye mchicha, matembele, mipapai, hata mche wa mchikichi.

Usiweke humo samaki, nyama, mafuta ya kukaangia, kinyesi cha mbwa au paka, wala mimea yenye ugonjwa. Kokwa za maembe zitachukua muda mrefu mno, na zikikaa humo zitaota. Zianike na uzitumie jikoni pamoja na kuni.

Samaki wana utaratibu wao, na mji huu bila samaki si Kigoma. Matumbo na miiba ya mgebuka au kuhe ifukiwe siku hiyohiyo, kina cha dhiraa moja, pembeni mwa shina la mgomba, udongo ushindiliwe na jiwe liwekwe juu. Ukifukia juujuu, mbwa wa jirani watakufukulia usiku.

Asiye na uwanja, achukue kiroba cha kilo 50, akitoboe pembeni, apange tabaka zilezile, akifunge mdomo na kukibiringisha kila wiki. Kinakaa kwenye baraza. Kitachelewa kuliko lundo kubwa, lakini kikikomaa unapanda mchicha humohumo.

Hatua ya 4: Kavu, na kwa nini chupa yako inanunuliwa kwa bei ndogo

Watu hulalamika kwamba mnunuzi wa makopo anawaonea. Wakati mwingine ni kweli, lakini fikiria safari. Viwanda vikubwa vya kusaga na kuyeyusha plastiki viko mbali, vingi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 1,200 kwa reli. Mnunuzi wa hapa anasafirisha hewa, kwani kiroba cha chupa zisizobanwa ni hewa tupu. Kwa hiyo ukitaka bei nzuri, mpunguzie kazi. Mwaga kilichomo, suuza, kanyaga chupa iwe bapa, tenganisha angavu na za rangi, na vizibo viwe peke yake maana ni plastiki nyingine. Kisha msiuze mmojammoja. Nyumba kumi zikikusanya kwa mwezi, mnunuzi atafuata mzigo mwenyewe, na mizani mtaitazama pamoja. Pimeni kiroba kwenye mzani wa dukani kwanza.

Tazama namba iliyo ndani ya alama ya pembetatu chini ya chombo. Chupa za maji na soda huwa na 1. Madumu na ndoo ngumu huwa na 2 au 5. Ukichanganya, mnunuzi atakupa bei ya kile duni.

Chuma, bati na aluminiamu havihitaji maelezo. Wanunuzi wa vyuma chakavu wanapita kila siku. Kitu kimoja tu: makopo na matairi yasikae uwanjani yakiwa yamekinga maji, mbu watayafanya nyumba.

Chupa za soda na bia za kreti zirudi dukani. Nyingine za vioo, pamoja na madumu ya njano, mjini hapa hazijawahi kuwa taka. Wauza mawese na asali wanazitafuta. Zioshwe kwa maji ya moto na kukauka kabisa kabla ya kutiwa mafuta, na chombo kilichowahi kubeba dawa ya kilimo au mafuta ya taa kisipewe mtu wa chakula hata akikuomba. Kitoboe.

Kadibodi na magazeti, kama hakuna mnunuzi, yachanwe yaingie kwenye mboji kama taka kavu.

Hatua ya 5: Zilizobaki

Hizi ndizo zenye utata, na sitakudanganya kwamba zote zina dawa.

Pampasi: mwaga kinyesi chooni kwanza, ikunje, ifunge, itie kwenye salfeti ya gari. Usiitumbukize chooni, haiozi, na siku ya kunyonya choo bomba litaziba. Kama una mtoto mchanga, nepi za kitambaa mchana na pampasi usiku zitapunguza mzigo kwa zaidi ya nusu. Pedi zikunjwe hivyohivyo.

Sindano za mgonjwa wa kisukari, nyembe na vioo vilivyovunjika vitiwe kwenye chupa ngumu yenye kizibo. Sindano zipelekwe zahanati. Vijana wanaozoa taka hushika salfeti kwa mikono mitupu, na wengi hawana glavu.

Betri za tochi na redio ziwekwe kwenye kopo lenye mfuniko, zisiingie kwenye mboji wala shimo la choo. Betri nyingi kubwa za sola zina madini ya risasi na asidi. Ziuzwe nzima kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, usimwage maji yake ili upunguze uzito wa kubeba.

Mifuko laini ya plastiki ya kubebea ilipigwa marufuku nchini tangu 1 Juni 2019. Anayekutwa akiitumia anaweza kutozwa faini ya kuanzia shilingi 30,000 hadi 200,000, au kufungwa hadi siku saba. Hata hivyo vile vifungashio vyembamba bado vinazagaa sokoni, na ndivyo vinavyoziba mitaro. Beba kikapu.

Na kuchoma? Najua ndiyo desturi: jioni lundo linawashwa nyuma ya nyumba. Majani makavu ni heri yaingie kwenye mboji. Plastiki ikichomwa kwa moto mdogo wa uwanjani hutoa moshi wenye sumu, na unaovutwa zaidi ni ule wa chini, wanapocheza watoto. Majivu yake nayo hayafai bustanini.

Hatua ya 6: Siku ya gari, ada na risiti

Uliza mtendaji wa mtaa mambo matatu: siku za kuzoa, nani amepewa kazi ya kuzoa mtaani kwenu, na kiwango cha ada kwa kaya. Kiwango hakitungwi na kijana wa guta wala na mwenyekiti. Kinatokana na sheria ndogo za halmashauri, na una haki ya kuonyeshwa. Nyumba ya kuishi na mgahawa hazilipi sawa, kwa hiyo kama unauza chapati barazani, jua mapema unahesabiwa upande gani.

Toa salfeti asubuhi ya siku yenyewe, si usiku wa kuamkia. Ifunge mdomo. Kama njia yenu ni nyembamba na gari haliingii, kubalianeni na wenye guta sehemu moja ya kukutania, iwe mbali na mtaro.

Malipo yawe kwa risiti ya mashine au kwa namba ya malipo ya serikali. Kijana akibisha hodi, mazungumzo yawe ya heshima na mafupi:

"Shikamoo mama, nimefuata hela ya taka."
"Marahaba mwanangu. Risiti umekuja nayo?"
"Nitakuletea kesho, mama."
"Basi na hela utaikuta kesho."

Risiti zitunze. Siku utakapokwenda kulalamika kwamba gari halijaonekana wiki tatu, swali la kwanza utakaloulizwa ni kama umelipa.

Hatua ya 7: Ingieni kwenye bajeti kabla haijafungwa

Lawama nyingi za kontena hutolewa Aprili, mvua zimekolea na harufu imezidi. Kwa bajeti umechelewa. Mwaka wa fedha huanza 1 Julai, na rasimu ya halmashauri hupita kwa madiwani miezi ya mwanzo ya mwaka. Maombi ya mtaa yanatakiwa yawe yamefika kata kati ya Oktoba na Desemba, wakati maeneo yanapotaja vipaumbele vyao.

Kwa hiyo, kwenye mkutano mkuu wa mtaa wa kipindi hicho, mmoja wenu anyooshe mkono na ombi liandikwe kwenye muhtasari. Maneno "tunaomba usafi uboreshwe" hayana bei, hayawezi kuingia kwenye bajeti. Semeni hivi: tunaomba kontena moja, likae mahali fulani palipopimwa na wenyeji wameridhia, lizolewe Jumatatu na Alhamisi, na ratiba ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtaa. Hapo "wenyeji wameridhia" ni muhimu, maana kila mtu anataka kontena na hakuna anayelitaka mbele ya nyumba yake. Malizeni ugomvi huo kabla ya mkutano.

Nakala ya muhtasari apewe mtendaji wa kata, na diwani aambiwe kwa mdomo pia. Afisa afya wa kata awe upande wenu. Kigoma hii imeonja kipindupindu. Mwaka 2015 kililipuka kijijini Kagunga miongoni mwa wakimbizi wa Burundi, na watu wa afya hawajasahau. Hoja ya taka ikisemwa na afisa afya inasikika zaidi kuliko ikisemwa na sisi.

Kama mtaani kuna vijana wasio na kazi au akina mama wenye umoja wao, fuatilieni mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani ya halmashauri: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana, 2 kwa watu wenye ulemavu. Kikundi kisajiliwe kwanza kupitia ofisi ya maendeleo ya jamii ya kata. Guta moja, glavu, mabuti na mzani vinatosha kuanzia. Kikundi kinachozoa nyumba ambazo tayari zinatenganisha kinapata mzigo mwepesi na chupa safi za kuuza, ndiyo maana ni vizuri hatua za jikoni zitangulie.

Bado kuna Jumamosi ya mwisho wa mwezi, siku ya usafi kitaifa. Mkizibua mtaro siku hiyo, msiache tope na vifuko ukingoni vikisubiri. Ijumaa yake, mwenyekiti awe ameshapiga simu kwa mtendaji wa kata na kuahidiwa gari kwa saa maalumu. Gari likikosekana, tope lote lijazwe kwenye viroba na kusogezwa mbali na ukingo siku hiyohiyo, kabla ya mvua ya jioni.